Mafua yaliyoua wenye nguvu

Ndugu msikilizaji, katika lugha yetu lipo neno dogo la herufi mbili ambalo limekwisha kuwaponza watu wengi. Neno lenyewe ni "tu". Mtu akikohoa, akitokwa na makamasi na mwili ukimwuma, akiulizwa habari hujibu: "Ni mafua tu." Hujibu hivyo mchuuzi wa Kariakoo, karani wa ofisini, na mkulima wa Misunkumilo kule Mpanda. Maana yake ni kwamba hapana la kuogopa, kazi iendelee. Mara nyingi husema kweli, kwa kuwa mafua ya kawaida huja na kwenda zake. Lakini historia yetu wenyewe hapa Afrika Mashariki inasimulia mwaka ambao neno hilo "tu" liligeuka kuwa kejeli. Mafua yalikuja yakawaacha wazee wengi, yakawachukua vijana wenye vifua vipana waliokuwa wakibeba mizigo na kulima mashamba. Leo tuizungumze habari hiyo.

Mwaka ni 1918. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa inakaribia mwisho wake. Mapema mwaka huo yalitokea mafua ambayo hayakuua sana. Kisha, mwishoni mwa mwezi Agosti, ugonjwa uleule ukarudi kwa sura nyingine katika bandari tatu zilizo mbalimbali, karibu kwa wakati mmoja: Freetown katika Sierra Leone, Brest katika Ufaransa, na Boston katika Marekani. Safari hii ulikuwa muuaji. Kabla ya miaka miwili kupita, wataalamu wanakadiria kwamba mtu mmoja katika kila watatu duniani aliugua, na waliokufa hawakupungua milioni 20. Wengi hutaja milioni 50. Risasi na mizinga ya vita ile ya miaka minne haikuua watu wengi kiasi hicho.

Dunia iliyaita mafua hayo "ya Hispania", na jina hilo ni uonevu mtupu. Nchi zilizokuwa vitani ziliyafungia magazeti yao yasichapishe habari za ugonjwa, adui asije akajua kwamba askari wamelala vitandani. Hispania haikuwa vitani. Magazeti yake yaliandika waziwazi, hata habari za kuugua kwa Mfalme Alfonso wa 13. Basi aliyesema kweli ndiye aliyepachikwa jina la ugonjwa. Hilo nalo ni funzo, na tutalirudia.

Jambo lililowashangaza waganga wa siku zile ni umri wa maiti. Homa ya mafua kwa desturi huwaua walio katika ncha mbili za maisha, yaani watoto wachanga na wazee. Mwaka 1918 iliua katika ncha hizo pia, lakini ikaongeza kundi la katikati, watu wa miaka 20 hadi 40. Mtu aliyekuwa mzima asubuhi aliweza kulala na homa kali jioni, na baada ya siku chache uso ukageuka rangi ya samawati kwa kukosa hewa, akafa.

Kwa nini wenye nguvu? Wataalamu wametoa sababu zaidi ya moja. Kwanza, wazee wa wakati ule huenda walikuwa wamekwisha kupambana na mafua ya jamaa moja na hayo walipokuwa watoto, na miili yao ikakumbuka. Pili, yamkini mwili wa kijana, kwa kuwa una kinga kali, ulipigana na ugonjwa huo kwa hasira iliyopita kiasi, mapafu yenyewe yakajaa maji na kuharibika katika vita hivyo. Tatu, mafua yalifungua mlango, na vijidudu vingine vikaingia nyuma yake na kuleta kichomi. Wengi wa waliokufa walimalizwa na kichomi hicho, na dawa ya kukitibu haikuwapo. Penisilini iligunduliwa mwaka 1928, ikaanza kutumika kwa watu wengi katika miaka ya 1940.

Lakini, ndugu msikilizaji, sababu ya nne haimo ndani ya mwili. Imo barabarani. Vijana ndio waliokuwa safarini. Vijana ndio waliorundikwa katika meli, katika mabehewa, katika makambi ya jeshi na ya vibarua. Ugonjwa unaosafiri kwa pumzi ya mtu humpata kwanza yule anayelala bega kwa bega na wenzake.

Tuitazame ramani ya Afrika yetu. Mwezi Septemba 1918 meli mbili zilitia nanga Cape Town zikitokea Ulaya kwa njia ya Freetown. Ndani yake walikuwamo vibarua Waafrika waliokuwa wakirejea makwao kutoka kazi za vita. Kutoka hapo mafua yakapanda treni. Mwezi Oktoba yalikuwa yamefika Bulawayo, nayo yakaendelea kaskazini kwa njia ya reli na migodi hadi Katanga. Inakadiriwa kwamba Afrika Kusini peke yake ilizika watu kama 300,000. Upande wa pili, katika majira hayo hayo ya Septemba na Oktoba, ugonjwa uliingia Mombasa kwa njia ya bahari, ukashika reli ya Uganda kuelekea bara. Nchi yetu, wakati ule ikiwa bado uwanja wa vita baina ya Mjerumani na maadui zake, ikawa imewekwa katikati ya koleo.

Na watu wake walikuwa katika hali gani? Kwa miaka minne majeshi yalikuwa yamepita juu ya mashamba yao. Magari yalikuwa machache na barabara mbaya, ng'ombe na farasi walikufa kwa ndorobo, kwa hiyo mzigo wa vita ukabebwa juu ya kichwa cha mtu. Wapagazi waliandikishwa kwa mamia ya maelfu, wengi kwa nguvu. Jina la mtaa wa Kariakoo, ambao kila mnunuzi wa gazeti katika Dar es Salaam anaujua, linatokana na kikosi hicho cha wapagazi cha Waingereza. Hesabu za serikali yenyewe zilikiri kwamba wapagazi zaidi ya 90,000 wa upande wa Mwingereza walikufa, wengi kwa maradhi na uchovu na si kwa risasi. Hao waliobaki hai ndio waliokutana na mafua.

Sasa tuje Mpanda. Mwaka 1918 mji wa Mpanda tunaoujua leo haukuwapo. Mji huo ulikua baadaye kwa ajili ya mgodi wa risasi, ile madini, si ile ya bunduki, na reli ya tawi kutoka Kaliua ikafika huko mnamo mwaka 1950. Misunkumilo, ambayo leo ni kata ya Manispaa ya Mpanda, ilikuwa sehemu ya nchi pana ya miombo, yenye vijiji vilivyotawanyika vya Wabende, Wakonongo na Wapimbwe. Mtu angeweza kudhani kwamba mahali kama hapo, mbali na bandari na mbali na reli, palikuwa salama.

La hasha. Nchi hiyo ilikuwa imebanwa kati ya njia mbili kubwa. Magharibi lipo Ziwa Tanganyika, na juu ya pwani yake ipo Karema, ambako Wabelgiji walijenga kituo chao mwaka 1879, kisha kikawa misheni ya Mapadri Weupe mwaka 1885. Kaskazini ilipita Reli ya Kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914. Kati ya ziwa na reli, watu walikwenda na kurudi: wapagazi walioachwa huru, wavuvi, wachuuzi wa chumvi na samaki, askari waliotoroka. Mwanadamu huyu ndiye aliyekuwa chombo cha usafiri wa ugonjwa. Haukuhitaji barabara ya lami.

Na mwishoni mwa mwaka 1918 msafara mkubwa ulipita katika njia hiyo ya ziwa. Jenerali Lettow-Vorbeck, mkuu wa majeshi ya Mjerumani, alikuwa ameingia katika nchi ambayo leo ni Zambia. Vita vilikwisha Ulaya tarehe 11 Novemba, yeye akapata habari siku mbili baadaye, na tarehe 25 Novemba akaweka silaha chini mjini Abercorn, ambao sasa unaitwa Mbala. Alikuwa na Wazungu 155, askari Waafrika zaidi ya 1,100, na wapagazi na wanawake wengi waliofuatana na jeshi. Watu hao walipelekwa Kasanga, upande wa kusini wa Ziwa Tanganyika, wakapakiwa melini hadi Kigoma, kisha wakapandishwa treni kwenda Tabora na Dar es Salaam. Njiani na kambini mafua yakawaingia. Watu ambao hawakuuawa na miaka minne ya vita, waliotembea kwa miguu kutoka Kilimanjaro hadi Msumbiji na kurudi, walikufa kwa kukohoa baada ya amani kutangazwa. Kama kuna mtu anayedhani kwamba ugonjwa huu ulitafuta walio dhaifu, na awafikirie askari hao.

Katika miaka hiyo Karema alikuwapo mganga mmoja Mwafrika ambaye jina lake linastahili kutajwa, Adrian Atiman. Alizaliwa upande wa Timbuktu, akaibwa akiwa mtoto na kuuzwa utumwani, akakombolewa na Mapadri Weupe, akasomeshwa uganga katika kisiwa cha Malta, akafika Karema mwaka 1889. Hapo alitibu watu mpaka alipofariki mwaka 1956. Nchi kubwa mno ilikuwa ikitegemea watu wachache wa namna yake. Lakini hata mganga hodari wa mwaka 1918, awe Karema au London, hakuwa na dawa ya mafua hayo. Alikuwa na mikono, maji, na maneno ya faraja.

Hapa ndipo tunapofika kwenye jambo ambalo takwimu hazilisemi vizuri. Mtu akisoma kwamba homa hii ilidumu wiki chache mahali pamoja, hudhani ilikwisha hapo. Lakini tukumbuke ni wiki zipi. Katika Mpanda na Ufipa mvua huanza mwezi Novemba, na mkulima asiyepanda kati ya Novemba na Januari hana mwaka. Mafua yalifika nyanda za kusini magharibi hasa katika miezi hiyo. Aliyepaswa kushika jembe alikuwa amelala. Aliyepona alibaki mnyonge kwa wiki nyingi. Mbegu iliyowekwa ghalani ililiwa kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuipanda, wala chakula kingine cha kumpikia mgonjwa. Kifo kilichoanza kifuani kikahamia tumboni.

Wanahistoria waliozungumza na wazee wa Rungwe walikuta kwamba mafua na njaa ya mwaka 1919 vimefungwa pamoja katika kumbukumbu, kama mizigo miwili ya mti mmoja. Huko Ugogo, njaa iliyoitwa Mtunya, iliyotokana na ukame na jeshi kuchukua ng'ombe, nafaka na wanaume, ilikuwa imekwisha kuwachosha watu tangu 1917, na mafua yakawakuta hivyo. Serikali mpya ya Mwingereza ilikisia kwamba mafua yaliua watu kati ya 50,000 na 80,000 katika Tanganyika. Angalieni upana wa hesabu hiyo. Tofauti ya watu 30,000 ni mji mzima! Serikali haikujua kama watu hao wamekufa au la.

Na ingejuaje? Mjerumani alikuwa ameondoka na Mwingereza hajakaa vizuri kitini, na upande wa Kigoma na Ujiji ulikuwa mikononi mwa Mbelgiji hadi mwaka 1921. Aliyekufa kijijini hakuandikwa katika daftari lolote. Askari na wapagazi wa vita wamepata angalau sanamu moja, ile ya Askari katikati ya Dar es Salaam, iliyosimamishwa mwaka 1927. Waliokufa kwa mafua hawana hata jiwe. Nadhani sababu mojawapo ni lile neno letu "tu". Vita ni habari kubwa, njaa ni habari kubwa, ndui ni habari kubwa. Mafua? Ni mafua tu.

Je, ugonjwa huu ungeweza kuzuiwa? Yupo shahidi mmoja aliye mbali sana nasi, katika Bahari ya Pasifiki, lakini ushahidi wake ni mzito. Visiwa vya Samoa viligawanyika wakati ule, sehemu moja chini ya New Zealand na nyingine chini ya Marekani. Tarehe 7 Novemba 1918 meli iitwayo Talune, iliyotoka Auckland na wagonjwa ndani yake, iliruhusiwa kuteremsha abiria katika Samoa Magharibi. Walikufa watu kama 8,500, zaidi ya mmoja katika kila watano. Katika Samoa ya Marekani gavana alifunga bandari, na wananchi wakalinda fukwe zao. Hakufa hata mtu mmoja kwa mafua hayo. Watu ni wale wale, damu ile ile, bahari ile ile. Tofauti ilikuwa uamuzi, na ukweli uliosemwa mapema.

Baadaye sayansi ilimtambua adui. Mwaka 1918 waganga wengi walidhani kwamba chanzo ni bakteria. Virusi vya mafua ya binadamu vilitambuliwa mwaka 1933. Kisha mwaka 1997 mtaalamu mmoja aliyeitwa Johan Hultin alirudi katika kijiji cha Brevig Mission huko Alaska, ambako mwezi Novemba 1918 watu 72 kati ya kama 80 walikufa kwa siku tano tu. Walikuwa wamezikwa katika ardhi ya barafu. Kutoka katika mapafu yaliyohifadhiwa na baridi hiyo, wataalamu wakakamilisha kusoma maumbile ya virusi vile mwaka 2005. Wakakuta ni vya jamii ya H1N1, na vizazi vyake havijatoweka katika dunia hii.

Wala si virusi vya jamii hiyo pekee. Mwaka 2007 Marekani ilipata homa ya mafua iliyoletwa na adenovirusi namba 14. Adenovirusi kwa kawaida huleta mafua na macho mekundu, na mtu hupona. Lakini kati ya wagonjwa 140 waliotambuliwa katika majimbo matatu ya Oregon, Washington na Texas, 53 walilazwa hospitalini na tisa walikufa. Miongoni mwa walioathirika walikuwamo wanajeshi wapya wa kambi ya Lackland huko Texas, vijana waliokuwa wamepimwa na kukutwa wazima kabisa. Jeshi hilo lilikuwa limewahi kuwa na chanjo ya adenovirusi nyingine mbili zinazopenda makambi. Chanjo hiyo ilikoma mwaka 1999 baada ya mtengenezaji kuacha, ikarudishwa mwaka 2011. Kambi ya 2007 na msafara wa 1918 vinafanana katika jambo moja: vijana wengi, mahali padogo, pumzi moja.

Mwaka 2009 H1N1 nyingine ilizunguka dunia, ikafika Tanzania mwezi Julai, na ikawachukua zaidi watu wasiofikia miaka 65. Mwaka 2020, mwezi Machi, ukaingia ugonjwa wa korona. Kila mara mabishano ni yale yale: wako wanaosema ni mafua tu, na wako wanaoona aibu au hatari kutaja ukweli. Hispania ilisema kweli ikapewa lawama. Waliouficha ukweli walipewa makaburi.

Sasa, ndugu msikilizaji, na wewe utakayeyasoma haya gazetini, tufanye nini na habari hii? Sisemi kwamba kila anayepiga chafya atimuliwe. Mafua mengi yataendelea kuwa mafua. Ninachosema ni kwamba nguvu za mwili si hirizi. Kijana wa Misunkumilo mwenye homa kali anayehema kwa shida, anayeumwa kifua, ambaye midomo yake inabadilika rangi, au aliyepata nafuu kisha homa ikarudi kwa kishindo, huyo hapaswi kuambiwa ajikaze kiume. Apelekwe zahanati siku hiyo hiyo, maana kichomi cha leo, tofauti na kile cha 1918, mara nyingi kina dawa. Anayekohoa apumzike nyumbani na afunike kinywa. Madirisha ya basi, ya darasa na ya bweni yafunguliwe. Na palipo na chanjo, tusiidharau. Wahenga walisema: mdharau mwiba mguu huota tende.

Lipo na jambo la pili, nalo ni la kumbukumbu. Watu waliouona mwaka 1918 wamekwisha kutangulia. Lakini wajukuu wao wapo Karema, Inyonga, Mpimbwe na Mpanda, na wengine wao walisimuliwa na bibi zao jotoni mwa moto wa jioni kwa nini ukoo fulani ulikatika, au kwa nini babu alilelewa na shangazi. Walimu wa historia wa mkoa wa Katavi wanaweza kuwapa wanafunzi wao daftari na kalamu wakayakusanye masimulizi hayo kabla hayajazikwa nayo. Taifa linalojua idadi ya askari Wazungu 155 walioweka silaha Mbala, lakini halijui kama wananchi wake waliokufa kwa mafua walikuwa 50,000 au 80,000, lina kazi ambayo bado haijamalizika.